Gari la Viti Viwili

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha mbao.
Jumapili mchana, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Usinijibu kwamba unajikongoja, kama ulivyofanya mara ya mwisho, maana mtu anayejikongoja hapandi ngazi za ghorofa na ndoo mkononi, na habari hizo zimenifikia. Wanao hawajambo? Na mzee wako, bado anabishana na redio?

Sisi huku tunapumua. Wifi yako presha yake imetulia tangu aache kugombana na mwenye duka. Mdogo wangu amenenepa na hataki kuambiwa. Mimi mgongo unaniuma, kwani ni msimu wa sare za shule na cherehani hailali. Kuhusu kaka yako nitakueleza taratibu, kwa sababu barua yote hii inamhusu yeye.

Ila kwanza nitoe hili donge. Shangazi, nina wivu. Nakwambia wewe bila kuona haya kwa sababu Mama amenisimulia jinsi ulivyonuna Baba alipooa, ukakataa hata kupiga picha na maharusi. Usibishe, picha tunayo na wewe haumo. Kwa hiyo kama kuna mtu katika ukoo huu atakayenielewa, ni wewe.

Wivu wenyewe ni wa gari. Au tuseme, ni wa kiti kimoja ndani ya hilo gari.

Unamkumbuka mume wa mdogo wangu, yule kinyozi. Siku ya harusi ulinong'ona kwamba ana mikono laini kuliko ya bibi harusi. Basi huyo alikuwa na mteja mwenye gari la michezo, lile la aina ya kukimbia, jekundu, la viti viwili tu, lipo chini kiasi kwamba ukitaka kuingia lazima ukae kwanza ndipo uvute miguu. Lilimharibikia, na kila gereji aliyolipeleka walimtajia bei ya kujenga nyumba. Akachoka. Likakaa nyuma ya duka la kinyozi chini ya turubai mpaka panya wakazalia humo, na mwisho akamwachia shemeji yangu kwa bei ya pikipiki iliyochakaa.

Wakalivuta kwa kamba hadi uani kwetu. Mama alitoka na ufagio mkononi, akalizunguka, akasema, "Huyu kobe mmemtoa wapi?" Jina likaganda. Gari linaloweza kukimbia kuliko magari yote ya mtaa huu linaitwa Kobe, na kwa miezi mingi lilistahili.

Baba alipoliona, Shangazi, nilimwona mtu ambaye sijawahi kumwona. Unajua amefanya kazi maisha yake yote kwenye karakana ya mabasi, magari mazito yasiyo na haraka. Alifungua boneti, akainama, akaweka kiganja juu ya injini kama anayepima homa ya mtoto. Akasema, "Hili tutalitengeneza wenyewe. Haliendi gereji." Nikadhani "wenyewe" hiyo nimo.

Sikuwamo. Siku iliyofuata kinyozi alikuja na ovaroli mpya, na kuanzia hapo ikawa Baba na kinyozi, kinyozi na Baba. Akifunga duka tu, yuko uani kwetu. Chai ya Baba inapelekwa uani. Mimi nimekaa dirishani na cherehani yangu, nawatazama kwa jicho la pembeni, nashona shingo ya shati mahali pa mkono.

Nawe unajua nilivyokuwa mdogo. Nilikuwa namfuata Baba hadi langoni mwa karakana nikilia nataka kushika spana. Alinirudisha kila mara. Alisema grisi haitoki kwenye kucha za msichana, akanipeleka kujifunza kushona. Kushona nimekuja kukupenda, na kunanilisha, lakini mwanzoni kulikuwa adhabu. Sasa leo mwanamume ambaye alikuwa hajui boneti inafunguliwa kutoka upande gani anapewa mafunzo yote bure.

Maana alikuwa anamfundisha, hilo nililiona kwa macho yangu. Baba anaokota spana, anainyoosha. "Hii ngapi?"

"Kumi na tatu, Baba."

"Na hii?"

"Kumi na saba."

Muda wote ndiyo hivyo, kama darasani. Rangi ya waya huu ni gani, mafuta yamefika alama ipi, hii nati ina kutu au haina. Na kinyozi anajibu kila swali kwa adabu, bila kuchoka. Mimi Baba hajawahi kuniuliza swali hata moja kuhusu gari, labda aliegeshe wapi.

Nisimnyime mtu haki yake, walifanya kazi nzuri na kwa bei ya chee. Kioo cha mlango kilikuwa hakipandi kwa sababu waya wake wa ndani umekatika. Wakaweka waya wa breki ya baiskeli, sasa kinapanda. Mpira wa maji wa radieta, ule halisi ukiulizia dukani wanakucheka, wakapata wa gari la kubebea mikate, wakaukata ncha, ukaingia. Mipira ya pampu ya klachi walilinganisha na ya kigari kidogo cha mizigo, ikawa ni ileile, tofauti ni kasha tu. Taa zilizokuwa na ukungu walizisugua kwa dawa ya meno hadi zikang'aa, na sisi tukapiga mswaki kwa chumvi mpaka mwisho wa mwezi.

Vitu vingine walivifuata kwa wauza vyuma chakavu. Walikuwa wanaondoka asubuhi wawili, Baba amevaa shati la heshima, wanarudi mchana na kiskrubu kimoja kwenye mfuko. Nikawa najiuliza, shati la heshima kwa skrubu? Nikajijibu kwamba anajipamba kwa ajili ya mkwe.

Ilipofika zamu ya viti wakanikumbuka. Panya walikuwa wamevila. Nikapewa mabaki ya ngozi bandia na kuambiwa nishone. Kiti cha dereva nilikishona kwa mapenzi yote, maana ni cha Baba. Kile cha pili, Shangazi, nilikipitishia mshono mnene katikati ya mgongo, nikiupima kwa urefu wa kinyozi. Nilitaka akikaa humo umchome taratibu safari nzima.

Kwa sababu hapo ndipo roho ilipokuwa inaniuma, kwenye hicho kiti. Unaijua ile sheria ya Baba ya karakana, alikuwa anaitamka hata mezani: aliyefunga breki ndiye anayepanda kwanza. Basi likitoka kutengenezwa breki, fundi aliyezifunga anakaa kando ya dereva safari ya kwanza, ili kama amefanya ovyo na yeye aonje. Hili lina viti viwili tu. Kimoja ni cha Baba, ambaye alitangaza kwamba ataliendesha yeye siku ya kwanza. Na cha pili ni cha aliyefunga breki. Na breki walikuwa wanazifunga wao.

Walizitoa zote za mbele kwa pamoja. Ile kalipa, yaani kile chuma kinachobana sahani ya breki, ilikuwa imeganda pande zote mbili. Wakazisafisha kwa mswaki mkuukuu, wakabadilisha mipira, Baba akazirudisha kwa mkono wake. Halafu wakaanza kutoa hewa. Mmoja anakanyaga pedali, mwingine anafungua kiskrubu kwenye kalipa ili hewa itoke pamoja na mafuta, anafunga, wanarudia. Ikitoka yote, pedali inakuwa ngumu. Ya kwao ilibaki laini kama mto wa kulalia. Wakarudia siku nzima. Wakamaliza mafuta, wakanunua mengine. Kinyozi akaanza kusema pampu imekufa, itabidi inunuliwe.

Niliwapelekea chai. Nikachungulia kwenye gurudumu, nikaona. Ukishona miaka kama mimi, mkono wa kulia ulioshonewa kushoto unauona hata mtu akipita ng'ambo ya barabara. Kalipa ya kulia ilikuwa imefungwa kushoto, na ya kushoto kulia. Zinaingia vizuri tu, lakini kile kiskrubu cha kutolea hewa, ambacho kinatakiwa kiwe juu, kilikuwa kinatazama chini. Hewa hukaa juu. Wangekanyaga mpaka mwaka kesho.

Na nikanyamaza. Nikaweka vikombe, nikarudi kwenye cherehani yangu nikiimba. Nilifurahi, Shangazi, sitakuficha. Kumwona kinyozi anatoka jasho kwa kosa ambalo mimi nimeliona kwa kupita tu kulinipa raha ambayo sijaipata tangu msimu uanze.

Raha iliisha Baba aliposema Jumamosi watatoka nalo hivyohivyo, polepole, kwa kukanyaga pedali mara mbili. Nilishuka ngazi na sindano bado iko mdomoni.

"Baba, aliyefunga breki ndiye anayepanda kwanza?"

"Ndivyo."

"Basi hizi hazijafungwa. Umeweka ya kulia kushoto."

Nilitegemea atabisha. Alichuchumaa, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu, akapapasa kwa vidole muda mrefu. Kisha akaenda kukaa juu ya tairi la akiba, akafuta mikono kwa kitambaa ambacho hakikuwa na sehemu safi.

"Kweli," akasema. "Zimepishana."

Nilikuwa nimejiandaa kuvimba kichwa, lakini uso wake ulinikata stimu. Nikajiambia anaona aibu kwa ajili ya mwanafunzi wake. Nikatumia nafasi hiyohiyo. Nikasema nitazifunga mimi.

Kinyozi akasimama mbele yangu. "Shemeji, niachie. Nitazirekebisha."

"Unaogopa kiti?"

"Kiti chukua. Lakini siku hiyo niende mimi na Mzee. Tafadhali."

Hebu sikiliza maneno hayo. Kiti chukua, lakini niende mimi. Nilimwambia kwamba baba huyu ni wangu, yeye amemkuta, na kwamba kama anataka baba wa kutembea naye akamtafute wa kwake. Niliyasema kwa sauti ambayo majirani hawakuhitaji kukaribia uzio. Aliinamisha kichwa. Baba akasema, "Mwache afunge."

Nikafunga. Nilimweka kinyozi kwenye pedali nikawa namwamuru kutoka chini: kanyaga, shikilia, achia, kanyaga. Mapovu yakatoka, yakapungua, yakaisha. Pedali ikawa ngumu kama sakafu. Kucha zangu zilijaa grisi, na sikuziosha mpaka kesho yake.

Jana ndiyo tumetoka. Mtaa mzima ulijipanga ukutani kana kwamba anapita rais. Kobe alinguruma, mbwa wakakimbia, Mama akaziba masikio huku anacheka. Nikaingia kwenye kiti changu, nikaegemea, na ule mshono ukanipokea katikati ya uti wa mgongo. Nilistahili.

Baba aliendesha kichochoro chetu chote kama anayemimina maji. Gia hazikusikika. Alipita kando ya ukuta wa kiwanda cha mbao, akakwepa shimo lililo mbele ya fundi viatu, akakunja kwenye kisima. Nilimtazama nikajisemea, hiki ndicho nilichokililia langoni mwa karakana. Nilitamani kinyozi angeniona.

Tulipofika kwenye kona ya kuingia barabara kuu, akasimama. Akakaa. Barabara ilikuwa nyeupe, hapiti mtu wala gari, na bado amesimama.

"Kuna kitu upande wako?" akaniuliza.

"Hakuna, Baba."

"Na huku kwangu?"

Nikacheka, nikidhani ni somo limeanza. Huku kwake kulikuwa na lori la mchanga limeegeshwa, kubwa, la njano, karibu kiasi cha kulirushia kofia.

"Kile pale," akasema, "ni gari au ni ukuta?"

Shangazi, niligeuka kumtazama. Hakunitazama. Alishikilia usukani kwa mikono yote miwili akasema kichochoro chetu anakijua kwa tumbo, amekitembea miaka, lakini kutoka pale haoni. Ni presha ya macho. Daktari amesema nuru iliyokwisha kuondoka hairudi, iliyobaki watajaribu kuishikilia kwa dawa, na hata hiyo hana uhakika itakaa mpaka lini.

Ndipo vitu vyote vikaniangukia kwa mpigo. Hii spana ngapi. Rangi ya waya huu ni gani. Hakuwa anamfundisha mtu, alikuwa haoni. Zile kalipa alizifunga kwa kupapasa, na aliyekuwa na macho hakujua ipi ya kulia, ipi ya kushoto. Na shati la heshima halikuwa la wauza vyuma chakavu, lilikuwa la kliniki. Skrubu walikuwa wanainunua njiani wakirudi, ili tusiulize.

Unadhani nilimwonea huruma? Hiyo ilikuja baadaye. Cha kwanza kilichopanda ni wivu, mkali kuliko ule wote wa miezi hiyo. Nikamuuliza, "Kwa nini ulimwambia yeye? Mimi mwanao nipo dirishani, napumua."

Alifikiri, akanijibu polepole. "Yeye alinikuta mzee. Kwake mimi ni mzee tu anayehitaji kusomewa namba. Wewe ulikuwa unasimama langoni, ulinijua nilipokuwa nasikia nati iliyolegea kutoka ng'ambo ya uzio. Nisingeweza kukuuliza wewe hii spana ni ngapi."

Gari liliunguruma, na nyuma yetu mtu akapiga honi.

"Hamia huku," nikamwambia.

Tukabadilishana viti pale pale kwenye kona, yeye akizunguka gari huku mkono haujatoka kwenye boneti. Unajua leseni ninayo, niliitafuta kwa ajili ya kusambaza sare. Nikaingia barabara kuu na Kobe. Nikaambiwa gia ya tatu haisukumwi kama mtu anayefunga dirisha. Nikaambiwa silinda moja inakohoa, tutaitazama plagi yake. Nikaambiwa niongeze. Nikaongeza, na Baba akaegemeza kichwa, akafumba macho kabisa, akatabasamu. Nilikuwa namsikiliza yeye na yeye anasikiliza injini, na nilitaka barabara isiishe.

Kinyozi alikuwa langoni tuliporudi. Alipoona nani yuko kwenye usukani, akajua. Nilikuwa nimepanga kumwomba radhi, ila nilichosema ni kwamba kliniki ijayo nitampeleka mimi. Akaniambia twende sote watatu. Nikamwambia gari lina viti viwili. Tukaishia kucheka, na mimi nikalia kidogo, naye akanipa kile kitambaa kichafu.

Mdogo wangu hajui. Mama sijui kama anajua au hajui, ila nimegundua siku hizi hahamishi kiti wala meza, kila kitu kinakaa palepale kilipokaa jana, na yeye ni mtu aliyekuwa akipanga sebule upya kila Ijumaa.

Usimwambie Baba kwamba nimekuandikia. Nisamehe kwa kukupa habari hizi kwenye karatasi, simu ningelia tu. Ninalokuomba ni hili: ile safari unayoiahirisha kila mwaka, usiiahirishe tena. Usingoje goti lipone wala mtoto afunge shule. Hata juzi alisema umri umekufanya ufanane na mama yenu, kwa picha uliyotuma, nami sasa najua ile picha hakuiona, alikisia ili asishikwe. Njoo angali na mwanga kidogo. Ukifika, kaa naye mlangoni mchana, karibu, uso wako ukielekea jua, akutazame kwa muda anaotaka yeye.

Nisalimie wanao wote, na yule mdogo anayependa magari mwambie Kobe anatembea. Msalimie mzee wako na redio yake. Wifi yako anasema unamdai barua na yeye anakudai barua, kwa hiyo mko sawa. Mdogo wangu na mumewe wanakusalimu. Mumewe mpokelee salamu zake vizuri, ni mtu mwema, nasema hivyo huku meno yameumana.

Mungu akushike mkono kwenye hizo ngazi, akufikishe kwetu salama.

Utakapokuwa umekaa naye pale mlangoni nitajitahidi kuwaachia nafasi. Siahidi. Nitakuwa dirishani, na nitakuonea wivu kila dakika anayokutazama.

Wako akupendaye hata akinuna,
Binti mkubwa wa kaka yako